Sahani ya Mlinzi wa Mto

Siku ile Kizuka hakukunyesha hata tone moja mpaka baada ya Alasiri. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila ninapomsimulia mtu wa mbali kwamba nyumba ya bibi yangu ilichukuliwa na maji siku ya Idd, swali lake la kwanza ni kama mvua ilikuwa kubwa. Kwetu jua lilikuwa linawaka. Ndagala zilizoanikwa mchangani zilikuwa zimekauka kiasi cha kuvunjika mkononi. Mvua ilikuwa ya watu wengine, huko juu.

Anayeijua pwani yetu ataelewa. Ukisimama Kizuka, katika Rumonge ya Burundi, ukalipa Ziwa Tanganyika mgongo, mbele yako kuna ukanda mwembamba wa Imbo wenye michikichi na mihogo, halafu ardhi inainuka ghafla. Hiyo ndiyo Mumirwa, miteremko inayopanda mpaka kwenye mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na ya Nile, juu ya mita 2,000, ilhali ziwa letu liko kwenye mita 775 hivi. Kutoka kule hadi huku ni mwendo mfupi, na maji yanaukimbia bila kupumzika. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na ni kweli, ila kwetu mawingu hayo huweza kuwa juu ya vichwa vya watu wengine wakati sisi tunaota jua.

Nilikuwa na miaka 11. Ilikuwa Idd ya kuchinja. Bibi alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, kuta za matofali ya rukarakara na mabati juu, hatua tisa kutoka ukingo wa kijito. Hatua hizo nazijua kwa sababu tulikuwa tunazihesabu kila tulipotumwa maji. Asubuhi, baada ya sala, ndugu zetu wa Buyenzi walifika kutoka Bujumbura kwa basi dogo, wakiifuata barabara ya taifa namba 3 pembeni mwa ziwa, wamejazana na watoto wao, na watoto wa majirani zao ambao mama zao waliomba waende kuona ziwa la Rumonge. Mbuzi akachinjwa. Sufuria kubwa ya pilau, ile ya kuazima, ikapandishwa mafigani.

Tangu Adhuhuri milima ilikuwa imefungwa na wingu jeusi kama kaniki. Ngurumo zilikuwa zinasikika kwa mbali, mfano wa pipa tupu linalovingirishwa juu ya mawe. Hakuna aliyeinua kichwa. Watu walikuwa wanakula.

Mimi ndiye niliyeuona mto kwanza, na hili nimelibeba tangu siku ile. Nilikuwa nimeshuka kunawa mikono nikakuta maji yamepungua, yamepungua sana, mpaka mawe ambayo siku zote huwa chini yamekaa nje yanang'aa, na samaki wadogo wanarukaruka kwenye vidimbwi. Nilifurahi. Sikumwambia mtu mzima yeyote. Niliwaita wageni wa Buyenzi, wakaja mbio na vikombe na nguo zao mpya, tukaingia katikati ya mto kuokota samaki.

Bibi hakuona kitu. Alisikia. Au niseme aliacha kusikia: sauti ya kile kijito, aliyoishi nayo miaka 40 usiku na mchana, ilikuwa imekatika. Alitoka jikoni na upawa mkononi, hana viatu, akapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mto umenyamaza! Watoeni watoto!"

Mjomba wangu alikuwa mkekani na sahani yake. Akamjibu kwa upole, kama mtu anavyomjibu mama yake mbele ya wageni. "Mama, mvua iko mlimani, huku hakuna kitu. Waache wacheze, ni sikukuu."

"Mvua inanyesha huko na maji yanapungua huku," bibi akasema. "Yamezuiliwa na nini?"

Mjomba akaweka sahani chini. Nilimwona akielewa. Alikuwa na shamba la mihogo juu kabisa ya kijito, na siku zote za kazi huwa huko mpaka jua lizame. Alijua jinsi kingo zilivyo nyembamba pale kijito kinapopita kati ya vilima viwili. Mteremko ukiporomoka pale, udongo na miti huziba njia, maji yanajikusanya nyuma yake kama kwenye bakuli, na wanaoishi chini wanaona mto mdogo. Kisha bakuli linapasuka.

Tulitolewa kwa kuvutwa mikono. Wa mwisho alikuwa bado anapanda ukingoni, ameshika kikombe chake, tulipoanza kuhisi harufu. Ni harufu ya udongo mbichi wa ndani, udongo ambao haujawahi kuona jua. Baada ya harufu ikaja sauti ya mawe yakigongana. Kilichoshuka kilikuwa tope zito lenye rangi ya chai ya maziwa, limebeba michikichi mizima na mizizi yake na mawe ya ukubwa wa gunia la mchele, na mbele yake hewa ilikuwa inasukumwa mpaka majani ya migomba yakalala upande mmoja.

Tukakimbilia kwenye mwinuko wa msikiti. Hapo ndipo mtu mmoja alipouliza: watoto tulikuwa wangapi?

Hakuna aliyejua. Shangazi wa Buyenzi aliwajua wa kwake. Wa jirani zake alidhani ni wanne, mwingine akasema watano. Tulihesabiwa mara tatu, kila mara jibu lingine, na wakati watu wanahesabu maji yalikuwa yameshafika kwenye kizingiti cha nyumba. Mtoto wa tano alikuwa amechoka na safari, amelazwa chumba cha nyuma tangu saa sita, na aliyemlaza alikuwa ameshasahau.

Mjomba akarudi. Kama hujawahi kuona ukuta wa rukarakara ukiingiwa na maji, hauanguki kama matofali ya kuchoma. Udongo ule umekaushwa juani tu, haukupata moto. Unayeyuka kutoka chini, kama sukari iliyowekwa kwenye kisahani cha chai, na huku juu bado unasimama wima unakudanganya. Alimtoa mtoto dirishani akamrusha kwa watu waliokuwa nje. Ukuta ukakaa chini, ukamkalia mguu. Alipona, lakini mpaka leo ukimwona akitembea barabarani utamjua kwa mbali kwa jinsi anavyouvuta ule mguu wa kushoto.

Jambo moja dogo halijanitoka. Bibi alikuwa na mapipa mawili ya mawese nyuma ya nyumba, akiba yake ya msimu. Mapipa yakapinduka, na mafuta yakatandaa juu ya lile tope, mekundu, yakizunguka polepole mahali palipokuwa uani, na katikati yake sufuria ya pilau ya watu ikielea imenyooka kabisa, na mfuniko wake juu.

*

Nimeishi na siku ile muda mrefu nikiitafutia maana, na niliyoipata naiandika hapa kwa sababu naamini inaweza kuokoa mtu.

Siku ya kawaida mto wetu una wajumbe, na hakuna aliyewateua. Juu kuna wakulima wa mihogo kama mjomba. Chini yao kuna wanaume wanaofyatua rukarakara kwenye udongo wa ukingoni, kina mama wanaofua kivukoni, vijana wanaokamua mawese karibu na maji, wachungaji wa mbuzi. Maji yakibadilika rangi tu, mmoja anamwita mwenzake, sauti inashuka kutoka mdomo hadi mdomo, na inafika chini kabla ya maji. Sikukuu inawaondoa wote hao kwa siku moja. Mtu wa mihogo alikuwa mkekani kwetu. Mama wa kufua alikuwa anasonga ugali wa wageni. Mto ukashuka bila mjumbe, ukakuta nyumba zilizojaa mara mbili ya siku zote, zimejaa watu wasioujua na ambao hakuna aliyewahesabu.

Siku ya soko ni vivyo hivyo. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni siku ya soko Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe, Kivu Kusini, kwenye Ziwa Kivu ambalo maji yake hutushukia sisi kwa mto Rusizi. Watu walikuwa wametoka vijiji vingi na mizigo yao. Mvua ikapiga milimani, mito ikapasua kingo, matope na mawe yakashukia Nyamukubi na Bushushu. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, na maelfu ya watu hawakuonekana tena. Nimesoma habari zile mara nyingi, na kila mara naishia kwenye swali la mwinuko wa msikiti: tulikuwa wangapi? Sokoni hakuna orodha. Mtu aliyetoka kijiji cha mbali kuuza kuku wawili, nani atajua kwamba alikuwepo?

Mjini nako hakuna tofauti, ila wajumbe wa mjini ni wengine. Usiku wa Jumapili tarehe 9 kuamkia Jumatatu tarehe 10 Februari 2014, Bujumbura ilipigwa na radi na mvua kwa saa nyingi. Maji yalishuka kutoka vilima vilivyo juu ya mji yakaingia Kamenge, Kinama na mitaa mingine ya kaskazini. Walikufa watu zaidi ya 60, wakiwemo watoto, na mamia ya nyumba yakabomoka, nyingi zikiwa za rukarakara kama ya bibi yangu. Mchana wa siku ya kazi mtaa una wenye maduka, madereva wa pikipiki, walimu, wauza mkaa, macho mengi barabarani. Usiku wa Jumapili milango imefungwa. Gitaza, kwenye barabara yetu hii hii ya taifa namba 3, komine ya Muhuta, mlima uliporomoka Jumapili tarehe 29 Machi 2015. Ilikuwa Jumapili ya Matawi. Watu wakafa, na barabara ikakatika, Rumonge ikatengwa na Bujumbura. Na ng'ambo ya ziwa, kule Kasaba katika Fizi, usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, mto ulishukia kijiji kilicholala, na viongozi wa eneo wakatangaza vifo zaidi ya 100. Wavuvi wetu wanapafahamu Kasaba.

Ndugu zetu wa Oman wanaijua hadithi hii kwa jina la wadi, bonde kavu linalojaa maji ghafla. Tarehe 14 Aprili 2024, siku watu walipokuwa wanarudi kazini na shuleni baada ya mapumziko ya Idd el-Fitri, maji yalisomba gari lililobeba wanafunzi huko Samad al-Shan. Dereva akiyaona maji barabarani huyapima kwa macho, na macho hayaoni kasi wala hayaoni kama lami ya chini bado ipo. Maji ya kwenye magoti yakiwa na mwendo yanamwangusha mtu mzima. Yakifika nusu mita yanaweza kuliinua gari dogo likaacha kugusa barabara, na hapo usukani unakuwa kitu cha kushikilia tu. Siku ya kurudi kutoka sikukuu kila mtu ana haraka ya kufika, na haraka hiyo ndiyo inayomwingiza mtu majini.

Wako watakaosema haya ni mambo ya bahati mbaya, kwamba sikukuu na mafuriko vimekutana tu. Kalenda inasema vinginevyo. Pasaka ya Wakatoliki na Waprotestanti wetu haijawahi kuanguka kabla ya tarehe 22 Machi wala baada ya tarehe 25 Aprili, na hiyo ndiyo miezi ambayo Burundi hunyeshewa zaidi. Pasaka haiwezi kuikwepa mvua. Krismasi na mwaka mpya viko ndani ya mvua. Idd el-Fitri nayo hutembea, kila mwaka inarudi nyuma siku 11 hivi, na sasa imetembea mpaka imeingia katikati ya masika: tarehe 10 Aprili mwaka 2024, mwisho wa Machi mwaka 2025. Itakaa ndani ya misimu ya mvua kwa miaka mingi, maana mvua zetu huanza Septemba au Oktoba na kwenda mpaka Mei. Watoto wanaozaliwa leo Kizuka watasherehekea utoto wao wote wakisikia ngurumo.

Na ile Idd ya 2024 ziwa lilikuwa limeshapanda. Siku sita baada yake, tarehe 16 Aprili, serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa dunia. Watu zaidi ya 200,000 walikuwa wameguswa na mvua na mafuriko tangu Septemba. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie. Kinachoingia kikizidi kinachotoka, ziwa linajaa na kukaa limejaa, miaka. Wazee wanaukumbuka mwaka 1964. Kwa mtu wa kijitoni, ziwa likijaa maana yake ni kwamba mto unafika mwisho wa safari na kukuta mlango umefungwa; unarudi nyuma, unapanda kwenye vyumba kwa upole, bila kelele, bila harufu. Kwa hiyo siku hizi tuna maji ya aina mbili: ya mlimani yanayokuja kwa kishindo, na ya ziwani yanayoingia kama mgeni anayejijua ana haki. Yakikutana siku moja, nyumba ya ukingoni haina pa kwenda.

Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka mita 150 zisizojengwa kutoka ziwani, na mita 25 kila upande wa mito inayoingia humo. Hatua zetu tisa za bibi! Nikiwaambia vijana wanaojenga ukingoni, wananijibu kwamba kiwanja ndicho walichonacho, na nawaelewa, kwa sababu kati ya mlima na ziwa ardhi ya Rumonge ni ndogo na imegombaniwa vya kutosha. Lakini udongo ule ambao mto umeutandaza ukawa laini na mzuri kwa nyanya, mto uliuleta kwa miguu yake, na njia yake haujaisahau. Mtu asiye na kiwanja kingine, basi angalau asilaze watoto chumba cha upande wa maji. Wageni wa sikukuu hulazwa huko daima, kwa sababu ndicho chumba chenye hewa nzuri.

*

Baada ya mwaka ule bibi alijengewa nyumba juu, karibu na barabara. Ilipokaribia Idd nyingine alikwenda kwa jirani yake, Mkatoliki, mama aliyekuwa akimuuzia mihogo, akamwomba kijana wake akae juu ya kijito siku ya sikukuu yetu, pale vilima vinapobanana, kuanzia saa nne mpaka jioni. Nyumbakumi akalisikia, akalipenda, akalifanya jambo la mtaa. Sisi tukabeba zamu ya Krismasi na Pasaka, wao wakabeba Idd mbili. Vijana wa Msalaba Mwekundu wakatuongezea filimbi na kutufundisha namna ya kuhesabu: ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja, zikiwa chini ya 30 usikae chini ya mchikichi wala mwembe, na walio ziwani kwenye apolo, zile mashua za kuvulia ndagala, watoke majini, maana juu ya maji yaliyolala hakuna kirefu kuliko mvuvi aliyesimama. Sasa kuna simu pia, na maonyo ya IGEBU, taasisi ya Burundi inayofuatilia hali ya hewa, husomwa redioni. Simu hukosa mtandao mara nyingi wakati wa dhoruba. Filimbi haijakosa.

Mambo ambayo mlinzi anafundishwa kuyatazama ni yale yale aliyoyajua bibi bila kufundishwa. Maji kuwa mekundu ghafla. Majani mabichi yanayoelea, yaliyong'oka muda huo huo. Mawe kuanza kugongana. Na lile la hatari kuliko yote, ambalo mtoto hulifurahia: mto kupungua wakati kule juu kunanyesha. Siku hiyo mlinzi hapigi filimbi mara moja akasubiri. Anapiga mpaka aone watu wanapanda.

Pia tunahesabu wageni. Kila nyumba, asubuhi ya sikukuu, mwenyeji anajua idadi ya watoto waliolala kwake na anamwambia nyumbakumi. Mwanzoni watu waliona kama ni kupekuana. Mjomba alikuwa anakuja mwenyewe mlangoni, anauvuta mguu wake, anauliza, "Wangapi?" Hakuna aliyemkatalia.

Pasaka iliyopita ilikuwa zamu yetu. Nilikuwa juu, nimekaa kwenye jiwe, filimbi shingoni, koti la mvua mapajani. Chini nilisikia ngoma za kanisani, na harufu ya samaki wa kukaanga ilipanda mpaka kwangu. Wingu lilikuwa limesimama juu ya Mumirwa tangu saa tano. Saa saba hivi msichana mdogo akapanda na sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe: wali, mukeke mzima, na pilipili pembeni. Mama yake amesema, akaniambia huku anahema, kwamba wageni hawajapakuliwa bado, ya mlinzi hutangulia. Nikamuuliza kwao wamelala wageni wangapi. Akahesabu kwa vidole, akaanza upya, akasema saba.

Nilikula huku nimegeukia maji. Yalikuwa bado yanazungumza.